Nani Akate Simu Kwanza

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipoanza kufanya usafi katika kampuni ya magodoro ni kwamba simu za pale zilikuwa zinalazwa. Mkono wa simu haukurudishwa mahali pake. Ulilazwa chali mezani, juu ya leso iliyokunjwa vizuri, kama mtoto aliyebembelezwa mpaka akapitiwa na usingizi. Kwa Meneja wa mauzo leso ilikuwa ya bluu. Kwa Mhasibu kilikuwa kitambaa cha kufuma chenye maua pembeni. Mtunza stoo, ambaye si mtu wa makuu, aliulaza wa kwake juu ya soksi. Mimi nilipangusa vumbi kandokando nikapita. Shule niliishia darasa la tano, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na simu ya mezani. Nikadhani ndivyo simu za ofisini zinavyotunzwa.

Sababu niliijua baadaye. Ukutani pale mapokezi palikuwa na tangazo la herufi kubwa: MTEJA NDIYE ANAYEKATA SIMU KWANZA. Inasemekana zamani kijana mmoja wa mauzo alimkatia mteja ambaye bado alikuwa anaaga, kumbe mteja huyo alitaka magodoro ya bweni zima. Akaenda kununua kwingine. Bosi aliumwa na habari ile mpaka akakonda, kisha akaandika tangazo.

Wala hakuishia kwenye tangazo. Mara kwa mara alitoka nje, akapiga simu kwa kampuni yake mwenyewe huku ameziba pua, akauliza bei ya godoro la watu wawili, halafu akanyamaza aone nani atakata kwanza. Kila mtu aliijua sauti ile, maana ukiziba pua kikohozi hakibadiliki. Lakini wateja wenye kikohozi nao ni wengi, na nani atahatarisha kazi yake? Kwa hiyo mteja akianza kuaga, na watu wetu mnawajua kwa kuaga, msalimie mama, msalimie baba, watoto hawajambo, haya basi, haya, eeh na jambo jingine, mkono wa simu ulilazwa polepole juu ya leso, mwenyewe akaendelea na shughuli zake. Mteja akimaliza, atakata. Leso ilikuwa ya kuziba ule mlio wa tuu, tuu, tuu unaokuja baadaye, usisumbue watu.

Aliyenipeleka pale ni shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye aliyenichukua mama alipofariki, akanilea katika chumba chake kimoja, na nilipofikia umri wa kufanya kazi akanishika mkono mpaka kwa Bosi akasema, "Huyu hasemi, lakini anasikia. Vikombe vyako vitang'aa." Mwenyewe alikaa mapokezi, mbele ya meza ya simu. Laini za nje zilikuwa nne. Zilitoka kwenye nguzo ya barabarani, zikaingia kwenye sanduku la mtambo lililotundikwa ukutani nyuma yake, na kutoka hapo zikagawanywa vyumba vyote. Mezani kwake kulikuwa na taa nne ndogo. Laini ikitumika, taa inawaka nyekundu, ikiachwa, inazima. Shangazi alipokea, akasema "Haloo" moja ndefu, tamu, yenye tabasamu ndani, kisha akaunganisha. Ofisi nzima walimwita Mama Haloo. Nyumbani alikuwa hasemi sana. Alisema sauti ni kama kiatu, ukishinda nayo mchana jioni uivue.

Basi mwaka ule laini zikaanza kuugua.

Ilianza kwa wateja kuja kwa miguu. Wanaingia jasho likiwatiririka, wanapiga meza ya Shangazi: "Mama, nimepiga simu tangu asubuhi, inaniambia wanaongea, wanaongea! Mnaongea na nani nyie?" Shangazi anatazama taa zake. Zote nne nyekundu. Anainua simu yake asikilize, anasikia tuu, tuu, tuu. Hakuna anayeongea na yeyote. Saa nyingine taa mbili zinazima zenyewe, anashusha pumzi, kabla hajamaliza kuishusha zinawaka nyingine.

Mteja mmoja aliyetaka kuagiza magodoro ya nyumba ya wageni alilazimika kuja mwenyewe. Kwa kuwa amekuja, akaomba ayakalie. Akakalia la kwanza, akakalia la pili, akainuka ameshika kiuno, akasema atafikiria. Bosi alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa barabara.

"Kwenye simu," alisema kwa uchungu, "hakuna mtu aliyewahi kukalia godoro langu."

Akamgeukia Shangazi. "Mama Haloo, hizi laini unazishika wewe. Unaongea na nani?"

"Bosi, mimi? Mimi napokea naunganisha, naunganisha napokea."

"Mbona taa zinawaka?"

"Zinawaka zenyewe."

"Hata jiko haliwaki lenyewe," Bosi akasema. Halafu akatoa habari iliyomkata Shangazi maini. Kuna mtu anauza mashine ya kupokea simu. Haili, haiugui, haiongei na mashoga zake. Atakuja nayo Ijumaa. Kama mpaka Ijumaa laini hazijapona, Mama Haloo atakwenda nyumbani kupumzika, maana amefanya kazi sana.

Neno kupumzika nililisikia nikiwa na trei ya vikombe. Vikombe vikaanza kugongana vyenyewe. Shangazi akipumzika, kodi ya chumba haipumziki, na mimi niliyeingia pale kwa mkono wake nitatoka kwa mkono huohuo.

Jioni ile Shangazi hakuivua sauti. Alikaa kitandani akiigiza mashine. "Kwa mauzo, bonyeza moja. Kwa malalamiko, bonyeza mbili. Hiyo mashine itajua kwamba yule baba wa hospitali lazima umuulize kwanza mguu wake unaendeleaje? Itajua kwamba mama wa bweni akisema 'nitapiga baadaye' maana yake punguza bei? Bonyeza tatu! Nitaibonyeza mimi." Kisha akajifunika shuka mpaka kichwani, na sikumsikia tena, ila kitanda kilikuwa kinatikisika kidogo. Nilitaka kumwambia neno. Nikalitafuta mpaka usingizi ukanichukua.

Jumatano fundi akaja. Alikuwa kijana mrefu mwenye masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria, na penseli nyuma ya kila sikio, moja ya kuandikia na moja, alisema, ya kupoteza. Watu walimwita Fundi Kwanini, kwa sababu hakuna ulilomwambia akakubali kabla hajauliza kwa nini.

"Laini zimeharibika," Bosi akamwambia.

"Kwa nini?"

"Hilo ndilo nililokuitia!"

Fundi hakukasirika. Alisema ugonjwa wa laini hutafutwa kuanzia nje kuja ndani, kama mtu anayefagia, usije ukasukuma takataka chini ya kitanda cha mwenzako. Akazichomoa laini zote nne kwenye sanduku. Akataka kuchomeka simu moja ya kawaida kwenye kila laini, moja baada ya nyingine, apige kutoka kwenye simu yake ya mkononi akiwa barabarani chini ya nguzo, na mtu awe huku ndani apokee na kusema lolote. Shangazi alikuwa anawatuliza wateja mlangoni. Fundi akatazama huku na huku, akaniona mimi na ufagio.

"Dada, njoo. Ikilia, inua, sema haloo. Basi."

Ikalia. Nikainua. Nikafungua mdomo. Ndani ya simu Fundi akasema, "Haloo, laini ya kwanza, unanisikia?" Nilimsikia kama yumo ndani ya shavu langu. Neno likaja mpaka kwenye meno, likageuka likarudi lilikotoka.

"Haloo? Dada?" Akasikiliza. "Haya. Laini ya kwanza ina pumzi."

Ikalia tena. "Laini ya pili ina pumzi." Ya tatu, pumzi. Ya nne, alisema, ina pumzi nyingi kuliko zote, nikae chini ninywe maji.

Akarudi ndani akamwambia Bosi kwamba laini zinazotoka nje ni nzima. Ugonjwa umo ndani ya nyumba. Shangazi aliposikia "ndani ya nyumba" akashika kitambaa chake cha kichwa kana kwamba kuna upepo.

Alhamisi asubuhi na mapema Fundi alizima mtambo wote apekue sanduku, na simu za ndani zikafa pia. Hapo ndipo nilipogeuzwa simu mimi. Meneja wa mauzo yuko mbele, Mtunza stoo yuko nyuma kule kwenye magodoro, na wale wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Miaka yote walitukanana kwa simu.

"Wewe binti," Meneja akaniita, "kamwambie huyo mzee wa stoo ni mzembe, na kama magodoro ya shule hayajapakiwa nitakuja kumpakia yeye."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya Mtunza stoo nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Amesemaje?"

"Amesema shikamoo."

Mzee alishusha miwani. "Nani? Meneja?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ananiamkia mimi?" Akafikiri. "Nini kingine?"

"Magodoro ya shule."

"Mwambie marahaba. Na mwambie yanapakiwa sasa hivi. Tangu lini huyu mtu kawa na adabu?" Halafu, nikiwa naondoka, akaongeza, "Na mwambie tai yake inamkaba ndio maana akili haipandi."

Kwa Meneja nilifikisha kwamba yanapakiwa sasa hivi, na kwamba tai yake ni nzuri. Meneja akaishika tai akaitazama. Mchana wakaonekana wamesimama pamoja mlangoni, wakikubaliana kwamba Bosi ni mgumu.

Fundi naye alikuwa na mashaka yake. Asubuhi hiyohiyo, kabla ya saa ya chai, alirudisha laini kwenye sanduku, mtambo ukawashwa, na baada ya muda taa ya laini ya tatu ikaganda nyekundu. Akafurahi kama aliyekamata panya kwa mkia. Akaihamisha laini ya tatu kwenye tundu la kwanza, na ya kwanza kwenye tundu la tatu. Akatueleza mimi na Shangazi, "Kama ugonjwa uko kwenye laini, utahama nayo. Kama uko kwenye tundu, utabaki pale pale. Hauna pa kukimbilia."

Tukakaa tukatazama taa. Ikaganda ya pili. Halafu ya nne.

Fundi akajikuna kichwa kwa penseli. Akabadilisha kadi za mtambo, akaweka mpya. Ikaganda ya kwanza, ikaachia, ikaganda ya tatu. Akakung'uta waya, akakaza skrubu, akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya. Taa zikaendelea kuhama kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba.

"Mama Haloo," akasema jioni akikusanya bisibisi zake, "hitilafu ya waya hukaa mahali pake. Waya hauna miguu. Hii inatembea."

"Sasa nini kina miguu?" Shangazi akauliza kwa sauti ndogo.

Fundi akatia bisibisi ya mwisho mfukoni. Alimtazama Shangazi kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyotutisha. Kwenye chumba kile cha mapokezi mwenye miguu alikuwa mmoja tu.

Ijumaa Bosi alitoka chumbani kwake akaja mapokezi amevaa koti. Nyuma yake mtu wa mashine, mwenye mkoba unaong'aa na viatu vinavyolia. Aliiweka mashine juu ya meza ya Shangazi, kando ya kikombe chake cha chai, akaiwasha. Mashine ikasema karibu. Ikasema kwa mauzo bonyeza moja. Shangazi akaitazama kama mke anavyomtazama mke mwenzake anayeshusha mizigo.

"Twende kwanza kule nyuma," Bosi akamwambia mtu wa mashine, "nikuonyeshe ghala, kisha tuandikiane." Wakaenda zao nyuma.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi, hagusi kitu, anatazama taa tu. Nilimpelekea chai. Aliipokea bila kunitazama, halafu akashtuka, akakitazama kikombe, kisha korido.

"Dada, saa hizi ni saa ya chai?"

Nikatikisa kichwa.

"Wote wameondoka mezani?"

Nikatikisa tena kukubali. Taa zote nne zilikuwa nyekundu.

"Jana zilijaa saa ya chai. Zikapungua watu waliporudi. Zikajaa tena mchana watu walipokwenda kula." Akasimama. "Mtambo haunywi chai!"

Akaingia korido kwa hatua za kunyata, sisi nyuma yake. Akafungua chumba cha Meneja. Mkono wa simu umelala kwenye leso ya bluu, unalia kwa ndani, tuu, tuu, tuu, kama kifaranga chini ya kapu. Kwa Mhasibu, kwenye kitambaa cha maua, tuu, tuu. Stoo, kwenye soksi, tuu. Fundi alisimama mbele ya ile soksi muda mrefu, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake alishindwa kuuliza kwa nini. Ila aliuliza.

Meneja, Mhasibu na Mtunza stoo walirudi mbio na vikombe mkononi. Wakanyoosha vidole kwenye tangazo. Wakaeleza. Kila mmoja alidhani ni yeye tu anayelaza. "Lakini mteja akishakata si basi?" Mhasibu akajitetea. "Simu ina watu wawili. Mmoja akiondoka, mwingine ataongea na nani?"

"Laini zenu ni za zamani," Fundi akasema. "Mteja akikata, mtambo wenu hauambiwi. Wenyewe unaona mkono wa huku umeinuliwa, unasema, aa, bado wanaongea, nisiwasumbue. Unaishika laini mpaka huku ndani mtu arudishe mkono. Mtambo wenu una adabu kama nyinyi."

Shangazi alikuwa amerudi mezani kwake. "Rudisheni!" akapaza sauti, si ile ya tabasamu. Meneja akarudisha. "Ya pili imezima!" Mhasibu akarudisha. "Ya nne imezima!" Mtunza stoo akarudisha, akaichukua na soksi akaitia mfukoni. "Ya tatu! Ya tatu imezima!" Watu wakapiga vigelegele kama wamepata mtoto.

Halafu Shangazi akasema, taratibu, "Ya kwanza bado."

Tukahesabiana. Wote tulikuwa pale. Chumba kilichobaki kilikuwa kimoja, na mlango wake ulikuwa na zulia mbele. Hakuna aliyewahi kuingia kwa Bosi bila kuitwa. Meneja akatazama dari. Mtunza stoo akakumbuka kazi ya stoo. Ndipo macho yote yakanijia mimi, kwa kuwa mimi niliingia mle kila siku na ndoo, na mwenye ndoo haonekani.

"Nenda, mwanangu," Shangazi akasema. Sikuwahi kumwona ananiomba kitu. Nikaenda.

Mkono wa simu ya Bosi ulikuwa umelala mezani juu ya kigodoro kidogo cha mfano, kile anachowaonyesha wateja wakubwa, daraja la kwanza kabisa. Nilitegea sikio ule mlio wa tuu. Haukuwapo. Nikainua nikaweka sikioni. Kulikuwa na pumzi.

"Mkwe wangu?" ikasema sauti ya bibi. "Bado upo?"

Nikaubana mkono wa simu sikioni.

"Nakusikia unapumua. Mbona unapumua mbiombio hivyo, baba? Unaumwa?"

Nilitaka kumwambia mimi si baba, wala siumwi, wala si mkwe wake. Ikatoka pumzi tu, tena ya nguvu zaidi.

"Jamani, mkwe wangu kazidiwa!" Bibi akaanza kulia. Na papo hapo nyuma yangu vikasikika viatu vinavyolia.

Bosi alisimama mlangoni pamoja na mtu wa mashine. Nyuma yao Fundi, nyuma ya Fundi ofisi nzima, kila mmoja amejificha kwa mwenzake. Bosi akanitazama mimi na simu yake. Nikamnyooshea mkono wa simu. Alipousikia ule mkono unalia, akaunyakua, akabana visigino, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama... Hapana, mama, siumwi... Mimi mzima kabisa... Hapana, alikuwa binti wa usafi... Ndiyo, mama, niliiweka pembeni tu, uage kwa nafasi... Kumbe bado upo? ... Tangu asubuhi? ... Umefua na kuanika? ... Sasa mama mbona hukukata? ... Hapana, mimi siwezi, mama. Kata wewe... Mama, nitakukatiaje simu wewe uliyenipa mke? ... Najua nami ni mkwe wako, lakini... Hapana, wewe kwanza... Tafadhali, mama... Wewe."

Jasho lilikuwa linamtoka. Akafunika simu kwa kiganja, akatutazama kama mtu aliyekwama mtini. "Kila Ijumaa ni hivi hivi," akanong'ona. "Mimi sikati, yeye hakati."

"Bosi," Fundi akasema kwa upole, "hitilafu ya laini ya kwanza ndiyo hiyo."

"Hitilafu ni mama mkwe wangu?"

"Hapana. Hitilafu ni heshima. Imejaa kwenye laini zote."

Mtu wa mashine akaona nafasi yake. Akasogea mbele, akatabasamu. "Mkubwa, kwa mashine yetu shida hii haipo. Mtu asiposema kitu kwa muda mfupi, mashine inamkatia."

Bosi akageuka polepole. "Itamkatia nani?"

"Yeyote. Haibagui."

"Na akiwa ni mama mkwe wangu, ametulia kidogo avute pumzi?"

"Inakata papo hapo, mkubwa!" alisema kwa fahari.

Bosi alimtazama yule mtu kama mtu aliyependekeza nyumba ichomwe ili kuua kunguni. "Chukua kitu chako mezani kwa Mama Haloo," akasema, "na usikigonge kikombe chake."

Viatu vikalia mpaka nje. Lakini laini ya kwanza ilibaki nyekundu, na bibi bado alikuwa anangoja. Hapo Shangazi aliyekuwa amesimama mwisho wa wote akarudi kwenye kiti chake. Akavuta pumzi, akavaa sauti yake. Akaingia kwenye laini ile kutoka mezani kwake, na sote tulimsikia moja kwa moja kutoka korido.

"Haloooo, mama. Mimi ni mtu wa kati hapa. Ndiyo, mama. Naona mnasubiriana. Sasa nikate mimi: mkwe wako hajakukatia, wala wewe hujamkatia mkwe wako. Lawama zote zangu. Goti lako linaendeleaje lakini? ... Haya, mama. Salamu nitafikisha. Lala salama, hata kama ni mchana."

Akabonyeza. Taa ikazima. Bosi alirudisha mkono wa simu mahali pake, akatoa leso, akajifuta paji la uso, uso, na shingo. Jioni ile ile aliondoa tangazo kwa mkono wake. Siku ya pili likawekwa jipya: MTEJA AKIAGA, MPELEKE KWA MAMA HALOO. ATAKATA YEYE. Mtunza stoo alisema pale ndipo Shangazi alipopandishwa cheo, akawa mtu pekee katika kampuni anayeruhusiwa kumkatia simu hata Bosi. Nyumbani usiku huo hakuivua sauti yake kabla ya kulala. Aliimba.

Ijumaa ileile, kabla Fundi hajaondoka, alitaka kujaribu laini mara ya mwisho. Alitoka, akasimama chini ya nguzo, akapiga. Shangazi akapokea, akasikiliza, akanitazama, akaninyooshea mkono wa simu.

"Laini ya kwanza," Fundi akasema. "Unanisikia?"

Nikatikisa kichwa.

"Najua umetikisa kichwa. Simu haioni vichwa."

Nikacheka, lakini kwa ndani, na nadhani hata hicho alikisikia.

"Haya," akasema. "Laini nzima. Unaweza kukata."

Sikukata. Nikalisikia gari linapita karibu naye, nikamsikia anahamisha penseli kutoka sikio moja kwenda jingine. Naye hakukata. Dirishani nilimwona amesimama, amenipa mgongo, amekitazama kiatu chake. Taa ya kwanza ilikuwa nyekundu na imetulia tuli.

Shangazi akaweka kidole juu ya kitufe chake. "Laini ya kwanza imeganda tena?" akauliza. Akanitazama usoni. Akaondoa kidole, akachukua vikombe vyangu vichafu vyote, akaenda kuviosha yeye.

Mwishowe watu wakapita kati yake na dirisha, na sikujua nani alikata. Lakini kile nilichokuwa nacho kwenye meno siku ile, na siku zote ambazo amekuwa akija kukagua mtambo usiokuwa na ugonjwa, ni hiki: Nakusikia, Fundi. Tangu laini ya kwanza nilikuwa nakusikia vizuri sana. Usikate.